Akropora zinapauka juu, montipora imekuwa kahawia: nianze na nini?

Swali lililoletwa, kwa ufupi (akropora, montipora na yufilia ni aina za matumbawe, na KH ni kipimo cha alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi): "Mtaalamu habari. Nina tangi la matumbawe la lita 250, lina miezi 10. Wiki 5 zilizopita nilitoa taa za zamani nikaweka LED kali, na kipindi hichohicho nikaweka zile punje nyekundu za kutoa fosfeti sababu vioo vilikuwa vinashika mwani sana. Mwanzo akropora ziliwaka rangi hatari nikafurahi, sasa hivi zimepauka upande wa juu na ncha zimekuwa nyeupe kabisa. Montipora iliyo chini ya jiwe yenyewe imekuwa kahawia. Yufilia iko poa. Naitreti 0, fosfeti 0, KH 11, joto 26, chumvi 1.025. Nataka nibadilishe nusu ya maji afu niongeze dawa ya rangi. Niko sawa?"

Ndugu yangu habari ni njema, na asante kwa kuleta namba pamoja na historia ya tangi, wengi wanaleta picha moja tu iliyopigwa kwenye taa ya bluu halafu mtu unabaki unapapasa gizani.

Jibu la haraka: hapana, usibadilishe nusu ya maji, na hiyo dawa ya rangi iache kwenye chupa kwanza. Kwa haya uliyoeleza tangi lako halina uchafu wa kuondoa, lina njaa, na juu ya njaa kuna mwanga mkali na KH iliyo juu, hivyo vitatu vikikutana kwa pamoja akropora lazima zilalamike. Ukibadilisha nusu ya maji sasa utatoa hata kale kachakula kidogo kalikobaki na utazipa mshtuko mwingine zikiwa tayari zimechoka. Sasa twende taratibu nikueleze kwa nini nasema hivyo, maana ukielewa chanzo hutahitaji kuniuliza tena siku nyingine.

Rangi ya tumbawe inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni vimwani vidogo sana vinavyoishi ndani ya nyama yake, wale wanaoitwa zuzanteli, hivi rangi yake ni kahawia na ndo vinapika chakula kwa mwanga halafu vinamgawia mwenyeji, na kwa matumbawe mengi sehemu kubwa mno ya nguvu yake inatoka hapo, wanasayansi huwa wanataja hadi asilimia 90. Ya pili ni protini za rangi anazotengeneza tumbawe mwenyewe, zile kijani, bluu, zambarau, pinki, na kazi yake mojawapo ni kukinga mwanga uliozidi. Kwa hiyo ukiona tumbawe kahawia tupu maana yake vimwani vimejaa mpaka vimefunika rangi zingine, ukiona limepauka maana yake vimwani vimepungua, na vikiisha kabisa nyama inabaki kama kioo unaona mfupa mweupe kwa ndani. Hilo la mwisho ndo kupauka kwenyewe, na tumbawe hapo bado yuko hai japo yuko kwenye hali mbaya.

Hapa ndo pa kuwa makini sana, sababu nyeupe ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, angalia kwa karibu sehemu nyeupe. Kama unaona utelezi, vidomo vya polipu (vile vijinyama vidogo ambavyo tumbawe anakamatia chakula), hata kama ni angavu kabisa, basi nyama ipo na kazi ni kumuuguza apone. Kama ni mfupa mtupu, unakwaruza, hauna polipu hata moja, na baada ya siku chache unaanza kuota mwani wa kijani, hapo nyama imeondoka, hairudi kwa rangi, itarudi tu kama nyama ya pembeni itatambaa kufunika tena. Ncha zako nahisi ni za aina hii ya pili, na sehemu za juu zilizopauka ni za aina ya kwanza. Hakikisha mwenyewe leo kabla hujagusa kitu. Na ukiangalia washa taa nyeupe, usiangalie kwenye bluu, bluu inafanya zile protini ziwake na tumbawe aliyepauka nusu anaonekana mzima kabisa.

Sasa hiyo furaha ya mwanzo, pale rangi zilipowaka sana. Nisikilize vizuri hapa maana hii inawadanganya watu wengi mno. Tumbawe akianza kupoteza vimwani, mwanga unaopenya ndani ya nyama unaongezeka kwa sababu vilivyokuwa vinaumeza havipo, huo mwanga hasa wa bluu unamsukuma atengeneze protini za kinga nyingi zaidi, ndo unaona neoni ya ajabu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walieleza jambo hili kwa majaribio, na limeonekana hata baharini kwenye miamba iliyopata msongo mdogo wa joto au wa virutubisho. Kwa hiyo rangi iliyopanda ghafla ndani ya wiki mbili tatu baada ya kubadili taa ilikuwa ishara ya onyo, matumbawe yalikuwa yanajikinga. Rangi ya afya inakuja polepole kwa miezi na polipu zinakuwa zimetoka nje zimejaa, jiulize akropora zako wakati zinawaka vile polipu zilikuwa nje au zimejificha.

Tuje kwenye ramani ya rangi ndani ya tangi lako, hii napenda sana kuiangalia kabla hata ya vipimo. Umesema zimepauka upande wa juu. Upande wa chini wa tawi lilelile bado una rangi? Kama ndio, mwanga una mkono hapa, maana virutubisho na joto havichagui juu wala chini, maji ni yaleyale pande zote. Kingekuwa ni joto au chumvi tu mara nyingi ungeona tumbawe zima linafifia pamoja na majirani zake. Na ile montipora ya chini ya jiwe inathibitisha, yenyewe imekosa mwanga, labda taa ya zamani ilikuwa inatawanya mwanga ikaifikia kwa pembeni na hii LED inapiga wima kama tochi kivuli kinakuwa kikali, sasa imejaza vimwani ili ikamate kila mwanga kidogo inaoupata, ndo hiyo kahawia. Haiumwi. Ukiisogeza polepole penye mwanga wa wastani itarudisha rangi, ila isubiri kwanza, usihamishe kitu chochote wiki hizi.

Nguvu ya taa macho yetu hayawezi kuipima, hasa LED yenye bluu nyingi, kwa jicho unaona mwanga umefifia kidogo kumbe kwa tumbawe ni jua la saa sita. Kipimo chake ni PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao vimwani vinaweza kuutumia kupika chakula. Matumbawe laini mengi yanaridhika na 50 mpaka 150, yufilia na wenzake wa polipu kubwa hapohapo kwenye 80 mpaka 150, akropora zinapenda 200 mpaka 350 lakini zikiwa zimezoeshwa, na zikiwa zimeshiba, hilo neno la kushiba ndo linasahaulika. Ukiweza kuazima mita ya PAR kwa mfugaji mwenzio fanya hivyo, itakumalizia ubishi wote. Kama huwezi, shusha taa leo mpaka asilimia 60 hivi ya nguvu unayotumia sasa, au kama taa yako ina programu ya kuzoesha matumbawe iwashe, na masaa ya mwanga mkali yasizidi 6 mpaka 8. Halafu usipandishe mpaka uone rangi ya kahawia imeanza kurudi kwenye sehemu zilizopauka, na ukianza kupandisha iwe asilimia 5 kwa wiki, sio zaidi.

Sasa njaa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini. Kuna imani imekaa vichwani mwetu kwamba tangi la matumbawe safi ni la naitreti 0 na fosfeti 0. Inatoka kwenye ukweli kwamba maji ya miamba baharini yana virutubisho vidogo sana vilivyoyeyuka. Sawa, lakini kule chakula kinapita usiku na mchana, viumbe vidogo vya kuelea, mavi ya samaki, chembechembe za kila aina, tumbawe anakula muda wote. Kwenye boksi la kioo umeondoa chakula kinachoelea halafu ukaondoa na kilichoyeyuka, ale nini? Vile vimwani vinapika chakula kama mimea, vinahitaji naitrojeni na fosforasi kujenga miili. Na fosfeti ndo hatari zaidi ikikosekana. Mwaka 2013 kundi la Jörg Wiedenmann hukohuko Southampton lilionyesha kwamba matumbawe yaliyokuwa na naitreti nyingi huku fosfeti imekosekana yalipauka kirahisi zaidi yakipigwa na mwanga na joto. Yani zile punje nyekundu ukiziweka nyingi kwa mkupuo, zinafyonza fosfeti mpaka inafika sifuri ndani ya siku chache, na matumbawe yanapata pigo hata kama namba zingine zote ziko sawa. Mimi nikisikia mtu kaweka punje zile halafu wiki chache baadaye matumbawe yanafifia, siendi mbali kutafuta.

Lengo langu kwako ni naitreti 5 hivi, ikicheza kati ya 2 na 10 sio kesi, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, zote kwa miligramu kwa lita. Namna ya kufika: kwanza toa punje zote leo, hiyo haina mjadala. Pili lisha samaki zaidi, kama ulikuwa unalisha mara moja fanya mara mbili, na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu) iruhusu ipumzike masaa kadhaa kila siku au ishushe itoe maji machafu kidogo. Tatu, ukiona wiki imepita bado ni sifuri, ongeza naitreti kwa myeyusho wa sodiamu naitreti, pandisha 1 tu kwa siku, pima, simama. Fosfeti vilevile kwa myeyusho wake, 0.02 au 0.03 kwa mara moja. Usishangae fosfeti kupotea siku ya pili, mawe na mchanga vinaifyonza, inaweza kuchukua muda mpaka namba itulie, we endelea kidogokidogo usipandwe na hasira ukamwaga nyingi. Na nunua au azima kipimo cha kidijitali cha fosfeti, vile vya kulinganisha rangi kwenye kadi kwa namba ndogo hivi jicho linabahatisha.

Kingine, sifuri unayoipima inaweza kuwa ya kudanganya. Ulisema vioo vilikuwa na mwani mwingi. Mwani unakula kabla kipimo hakijaona. Kwa hiyo kama bado una mwani wa nyuzi kwenye mawe, utoe kwa mkono na uongeze konokono, usiupige vita kwa kukausha virutubisho, maana ukivikausha kabisa mara nyingi anayekuja kuchukua nafasi ni dainoflageti, ule utelezi wa kahawia wenye mapovu unaovutika kama makamasi, na huyo akishakaa kumtoa ni shughuli ya miezi, heri mara kumi mwani wa kijani.

Haya, KH. 11 yenyewe haiui, kuna matangi yanakaa 11 na yanang'ara, lakini yana virutubisho vya kutosha. Tangi lenye sifuri sifuri likiwa na KH 11 ncha za akropora zinaungua, na maelezo ambayo wafugaji wengi tunayakubali ni kwamba alkaliniti nyingi inasukuma mfupa ukue haraka kuliko nyama yenye njaa inavyoweza kuufunika. Ndo ncha zako hizo. Maji ya bahari yenyewe yako karibu na 7. Wewe nenda 8 mpaka 8.5 ukae hapo. Usishushe kwa asidi wala kwa ujanja wowote, punguza tu kile unachodozi au simamisha siku kadhaa matumbawe yenyewe yaile, na isishuke zaidi ya 0.5 kwa siku. Pima kila siku saa ileile. Kalsiamu iwe 400 mpaka 450 na magnesiamu 1250 mpaka 1350, hukuzitaja, zipime mara moja tu tujue, mara nyingi hapo hakuna tatizo la rangi.

Na hebu soma ndoo yako ya chumvi! Chumvi zinatofautiana, kuna zinazotoa KH 7 au 8 na kuna zinazotoa 11 au 12 ukishachanganya. Kama yako ni hii ya pili, kila ukibadilisha maji unairusha KH juu halafu inashuka wiki nzima halafu unairusha tena, na akropora zinachukia kuyumba kuliko zinavyochukia namba mbaya iliyotulia. Ndo sababu nyingine nakuzuia hiyo nusu. Badilisha asilimia 5 mpaka 10 kwa wiki tu, maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya tangi, na KH yake uijue.

Chumvi 1.025 na joto 26 ziko vizuri kama ni za kweli. Nasema kama, kwa sababu zile hidromita za plastiki zenye mshale zinashika kapovu kamoja tu tayari zinadanganya, tumia refraktomita na uisahihishe kwa maji maalum yenye chumvi ya 35 kwa elfu, sio kwa maji matupu, ikisahihishwa kwa sifuri inaweza kupotoka kule juu tunakopimia. Joto nalo weka kipimajoto cha pili, hita ikikwama kwenye kuwaka kipimo cha hita yenyewe hakiwezi kukuambia. Baharini miamba inaanza kupauka joto likizidi kilele cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi 1 tu likikaa hivyo wiki kadhaa, sasa fikiria tangi linaloenda 29 kila mchana wakati haupo nyumbani.

Wadudu sidhani kama wanahusika kwako maana wasingepaukisha juu tu kwa mpangilio, ila kwa kuwa uko na kioo cha kukuzia mkononi, angalia. Minyoo bapa wanaokula akropora wanaacha alama za duara zilizopauka, na mayai yao ni vidoa vya kahawia ya dhahabu vimepangana kwenye sehemu iliyokufa karibu na shina. Konokono uchi wa montipora ni weupe wadogo wanakaa upande wa chini wanakula kutoka pembeni. Ukiwakuta, chovya tumbawe kwenye dawa ya kuchovyea, ila mayai hayafi, lazima uyakwangue kwa mkono na urudie kila wiki kwa wiki kadhaa.

Yufilia kuwa poa kusikupoze moyo wala kukuchanganya. Ina nyama nene na akiba, inakula vipande vikubwa vya chakula, hiyo huwa ya mwisho kuonyesha njaa. Akropora ngozi yake nyembamba ndo zinasema mwanzo.

Kuhusu kuwalisha hao waliopauka: vimwani vikiwa vimeondoka tumbawe anaishi kwa akiba yake na kwa anachokamata, kwa hiyo mlishe. Unga mwembamba wa chakula cha matumbawe au viumbe vidogo vilivyogandishwa, usiku taa zikizimwa na polipu zimetoka, zima pampu za mzunguko dakika 15 halafu washa tena, mara mbili tatu kwa wiki. Inasaidia njaa na inasaidia virutubisho kwa mkupuo mmoja. Hiyo dawa yako ya rangi, nyingi ya hizo ni potasiamu, iodini, chuma na madini mengine madogomadogo, ukimwaga bila kujua kiwango kilichomo unaweza kupitiliza, kama una wasiwasi na madini peleka maji maabara yapimwe madini yote kwa kipimo kinachoitwa ICP ndo udozi kilichopungua.

Sasa mategemeo, maana hapa ndo watu wanaharibu. Wiki ya kwanza na ya pili huenda usione chochote, na ncha zilizokufa zitaota mwani, usizikate kama chini yake nyama imetulia. Rangi ikianza kurudi itakuja kahawia, sio ile zambarau uliyoizoea, na utahisi unaharibu ukatamani urudishe punje. Tafadhali usirudishe. Vimwani lazima virudi kwanza, tumbawe apate nguvu, ndo baadaye ajenge protini zake za rangi, hiyo inaweza kuchukua miezi. Ishara unayotakiwa kuifuata ni polipu: zikianza kutoka mchana na ncha zikaota nyama mpya angavu iliyo laini, umepita.

Andika kila siku kwenye daftari KH, na mara mbili kwa wiki naitreti na fosfeti, badilisha kitu kimoja tu kati ya hivi halafu subiri uone, isipokuwa punje na taa, hivyo viwili vifanye leo kwa pamoja. Baada ya wiki 3 niletee namba na picha ya taa nyeupe. Ila ukiona nyama inaanza kubanduka kutoka shina kwenda juu, mstari mweupe unasogea kila siku au kila saa, huo sio upaukaji tena, usisubiri wiki 3 wala ushauri wangu, kata tawi sentimita 1 au 2 juu ya mstari kwenye nyama nzima, lichovye, lihamishie sehemu ya mwanga mdogo yenye mzunguko mzuri wa maji, na kile kilichooza kitoe kwenye tangi siku hiyohiyo.